Volti Zilizopotea Njiani

Mashine ya oksijeni ililetwa Mbooni nyuma ya pikapu, imefungwa kwa mablanketi, na mama mkwe wangu akaletwa mbele, amefungwa kwa leso. Hospitali ilikuwa imesema mapafu yake yamechoka na hayatarudi yalivyokuwa, ila akipata hewa ya kutosha anaweza kukaa na watu wake kwa miaka. Watoto wake wakachangishana wakainunua mashine. Ina ukubwa wa kabati la kando ya kitanda, ina magurudumu chini, na mpira mwembamba unaoishia puani. Haijazwi kitu. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampa mgonjwa ile anayoihitaji. Yenyewe inataka stima ya kutosha tu.

Stima tulikuwa nayo, au ndivyo tulivyodhani.

Siku ya kwanza ilinguruma vizuri, watu wakapiga makofi na wimbo ukaanzishwa. Wimbo haujaisha, taa nyekundu ikawaka, mashine ikaanza kulia pii, pii, pii, kisha ikazima. Wakaiwasha tena. Ikanguruma, ikalia, ikazima. Kando ya kitanda kulikuwa na mtungi mdogo wa dharura, wa kumwokoa mtu mashine ikikataa, nao ukageuka kuwa ndio wa kila siku. Ukiisha, hubebwa kwa boda boda kuteremka mlima mpaka mjini kujazwa, na yule mama anabaki ameketi wima kitandani, mikono magotini, akipigania kila pumzi mpaka boda irudi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja karibu na Mbumbuni. Kila mwaka naandika ubaoni mistari ile ile: volti gawanya kwa ampia, unapata ukinzani wa waya, volti mara ampia, unapata nguvu, yaani wati. Na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeinua mkono, tena kwa heshima zote, kuniuliza hii itamsaidia wapi maishani. Mimi ni mwepesi wa hasira, na swali hilo hunipandisha mori. Huwa namwambia akae chini.

Kwetu ni Tseikuru, kule juu kabisa Kitui, kwa watu wa mbuzi. Nilipooa Mbooni, kwenye maparachichi na baridi, wakwe zangu walinitania kwamba sikufuata mke, nilifuata maji. Nilikuja na tabia zangu za kule. Kule mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hampi mkono ovyo, hamtazami usoni kwa muda mrefu, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Tunaiita nthoni, heshima yenye haya ndani yake. Mbooni nako wanayo, ila wao huishika huku wakisema siku hizi mambo yamebadilika. Kwa chumba cha kulala, hata hivyo, hakuna aliyewahi kuniambia yamebadilika.

Basi wengine wote waliingia chumba kile kuitazama mashine, isipokuwa mtu mmoja katika ukoo mzima anayelipwa mshahara kufundisha umeme.

Kwanza walisema mashine ni mbovu. Duka likaibadilisha bila kelele, wakaleta nyingine mpya. Ikalia. Wakaja watu wa stima, wakapima kwenye mita iliyo nyumbani kwa shemeji yangu kifungua mimba, kando ya barabara, wakasema stima iko sawa. Akaitwa fundi wa sokoni. Huyo aliingia mpaka chumbani, akapima kwenye soketi yenyewe, akapata volti mia mbili thelathini na sita. Stima iko sawa, naye akasema, akaenda zake. Mchungaji akaiwekea mashine mikono na kuiombea. Siku hiyo ilikaa muda mrefu kidogo kabla ya kulia, na hilo likazungumzwa kanisani.

"Mwalimu, stima imepimwa," shemeji aliniambia kwa simu. Ni mzee wa kanisa, mtu mpole, mwenye sauti ya kutangaza. "Imepimwa juu, imepimwa chini. Iko sawa kabisa. Hii ni mambo ya mashine za siku hizi."

Mke wangu alikuwa ameenda kumuuguza mama yake. Yeye hakunibembeleza. "Wewe kuja upime," akasema. "Kila mtu amepima isipokuwa wewe. Unafundisha nini huko?"

Jumamosi nikapanda boda na mita yangu ya kupimia ndani ya mkoba, ile yenye mdomo unaofumba kuzunguka waya na kukwambia mkondo wa stima bila kuukata. Nilikuwa na hasira tangu Mbumbuni. Nilijua nitapima nilichoruhusiwa kupima, nje, kwenye mita ya shemeji, nipate kile kile walichopata watu wa stima, kisha nirudi na aibu yangu.

Na hapo lazima nieleze jinsi stima ilivyofika kwa mama. Mita iko juu kwa kifungua mimba. Nyumba ya mama iko chini, ukipita matuta ya mahindi, ukipita maparachichi, ukipita kaburi la mzee, marehemu baba mkwe wangu. Stima ilipoingia kijijini, watoto walikubaliana kwamba mama hatapewa mwangaza na mtoto mmoja. Kila mmoja alete kipande cha waya. Krismasi hiyo wakaja na vipande vyao, huyu na waya mweusi, huyu wa kijivu, mke wangu na mweupe, wakaviunga kimoja baada ya kingine wakivitundika kwenye miti wakielekea chini, na mama akiwa amesimama mlangoni anashangilia. Taa ikawaka. Kuna picha ya siku hiyo ukutani, wote wameshika waya kama watu wanaovuta ng'ombe. Kwa taa na kuchaji simu, ilitosha. Hakuna aliyelalamika mpaka mashine ilipokuja.

Nilipofika nilisalimia kwa mbali, nikaenda upande wa dirisha la chumba cha mama, nikasimama nje. Nikampa mke wangu sindano mbili za mita, zile za chuma zenye mishikio ya plastiki, kupitia dirishani.

"Ziweke kwenye matundu ya soketi, unisomee namba."

"Mimi nitie hizi chuma kwa shimo ya stima?" Alinitazama kama nimemtukana. "Nife nikuachie watoto? Utawapikia nini, hesabu?"

"Ni salama. Shika plastiki."

"Kama ni salama, ingia ufanye mwenyewe."

Alijua siwezi kuingia. Ndani nikasikia mama akicheka, kicheko kifupi kilichokatwa na pumzi. Nilitamani kuvunja kitu. Chumba kilikuwa na soketi moja, mgonjwa mmoja, ukuta mmoja wa matofali, na mimi na digrii yangu tulikuwa upande usiofaa.

Mke wangu ndiye aliyeikumbuka ekstensheni, ule waya wenye matundu mengi kichwani ambao wanauchajia simu. Akauchomeka kwenye soketi, akaweka kichwa chake juu ya kizingiti cha dirisha. Mashine akaichomeka kwenye tundu moja. Tundu jingine akaniachia. "Haya," akasema, "nthoni yako iko hapo nje, stima iko hapo. Pima."

Mashine ilikuwa inanguruma. Nikatia sindano. Nilikuwa nangojea mia mbili thelathini na sita. Mita ikasoma mia moja sabini na sita.

Nikaitikisa. Nikapima tena. Mia moja sabini na sita. Mashine ikaanza kulia. Nikamwambia mke wangu aizime, na ilipozimwa tu, namba ikaruka hadi mia mbili thelathini na sita na kutulia hapo kama haijawahi kwenda popote. Akaiwasha, ikashuka. Akaizima, ikapanda.

Nilikaa chini kwenye udongo. Ilikuwa wazi kiasi cha kuudhi. Soketi ilikuwa moja. Fundi wa sokoni, ili apate matundu ya kupimia, alichomoa mashine. Waya usiopitisha mkondo haupotezi volti hata moja, kwa sababu ukinzani mara sifuri ni sifuri. Kwa hiyo alipima stima iliyopumzika, akakuta haijachoka. Na mimi, laiti ningeruhusiwa kuingia chumbani na kiherehere changu, ningechomoa mashine vile vile. Ni nthoni iliyonilazimisha kupima na mashine inafanya kazi. Sikumwambia mke wangu hivyo. Angenisimanga mpaka leo.

"Mwalimu," mama akaita kutoka ndani. "Umeipata?"

"Nimeipata, mama."

"Kweli watu wa Tseikuru. Mtu mzima anakuja kwangu kupitia dirishani."

Nilimwambia mke wangu aiwashe tena mashine, nikapanda mbio hadi kwa shemeji kabla haijazima. Kwenye mita yake volti zilikuwa mia mbili thelathini na sita. Nikafumba mdomo wa mita yangu kuzunguka waya mmoja unaoelekea kwa mama. Ampia mbili. Shemeji akatoka nje na kikombe cha chai, akanikuta nimechuchumaa naandika kwa kijiti kwenye vumbi la uani kwake.

"Tazama," nikamwambia. "Hapa kwako ni mia mbili thelathini na sita. Kwa mama, mashine ikifanya kazi, ni mia moja sabini na sita. Sitini zimepotea njiani. Mkondo ni ule ule mbili, juu na chini, kwa sababu mkondo hauna pa kutorokea. Sitini gawanya kwa mbili ni thelathini. Huo waya una ukinzani wa omu thelathini, shemeji. Na sitini mara mbili ni mia na ishirini. Wati mia na ishirini zinapasha joto miti ya maparachichi badala ya kumpa mama hewa. Mota ya mashine ina ukaidi wake na hesabu yake si nyoofu hivi, lakini ya waya ni nyoofu."

Alizitazama namba vumbini. "Lakini ilipimwa," akasema.

Tuliufuata waya kutoka juu kwenda chini, yeye na kikombe chake, mimi na mita. Tulikuwa tunaiwasha mashine kwa muda mfupi, napima kwenye kiungo, tunaizima, mama anapumzika kwa mtungi, tunashuka kiungo kingine. Kipande cha kwanza, kinene, kilipoteza volti chache tu. Vya chini navyo, cha mke wangu kikiwemo, vilipoteza chache. Katikati kulikuwa na kipande kirefu, chembamba, cha rangi ya kahawia, kilichopita juu ya kaburi la mzee. Juu yake nilipata mia mbili ishirini na nane. Mwisho wake, mia moja themanini na mbili. Kiungo chake kilikuwa kimefungwa kwa paketi ya maziwa, na paketi ilikuwa imenywea na kukunjamana kwa joto. Nilipokigusa kiliniunguza kidole.

"Hiki ni cha nani?" nikauliza, ingawa nilianza kukisia kwa jinsi alivyokwepa kukitazama.

Kilikuwa chake. Kanisa liliponunua spika mpya, yeye akaomba waya wa spika za zamani, akauleta kwa mama Krismasi ile.

"Hiyo waya imebeba neno la Mungu miaka yote," akasema.

"Imebeba sauti, shemeji. Si stima ya mashine."

"Sauti kwa waya si stima?"

Hapo alinishinda kidogo, na hilo lilizidi kuniudhi. "Spika zilikuwa umbali gani?"

"Kutoka madhabahuni mpaka mlangoni."

"Sasa hapa ni kutoka barabarani karibu mpaka mtoni. Peke yake inakula volti arobaini na sita. Omu ishirini na tatu, wati tisini na mbili. Hizi wati ni za mama."

Akamwaga chai iliyobaki kwenye majani. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia hasikii hesabu.

Nikamwambia sihitaji kumuaibisha mtu. Kanisani kwao kuna kebo nyeusi, nene kama kidole gumba, imezungushwa kwenye gurudumu la mbao. Huitoa kwa mikutano ya injili ya uwanjani. Imelala stoo mwaka mzima, na funguo za stoo ziko mfukoni mwake. Tuiazime tu, tuivute mpaka kwa mama, tuone. Akatikisa kichwa. Mali ya kanisa haitoki bila komiti. Komiti ikae lini? Komiti itakaa. Nikasema basi nitanunua waya mimi. Akanitazama sasa kwa ukali ambao sikuwa nimewahi kuuona kwake.

"Watu waseme mama yetu amewekewa stima na mkwe? Na vijana wake wako hai?"

Mke wangu naye, nilipomweleza jioni, alinishika mkono akanisihi nisifanye hivyo. Alisema nitakuwa nimewavua nguo ndugu zake mbele ya kijiji kizima. Nikamuuliza kama mama anapumulia nguo.

Niliiandika hesabu yote vizuri nikaituma kwenye kikundi cha familia kwenye simu. Volti, ampia, omu, wati, hatua kwa hatua, kama ninavyowaandikia kidato cha tatu. Majibu yakaja. Asante mwalimu kwa kazi nzuri. Ubarikiwe sana. Mmoja akauliza kama kipande chake kiko sawa. Mwingine akauliza kwa nini kipande cha mkubwa ndicho kisemwe, na akapendekeza kwamba, ili asionekane mtu mbaya, vipande vyote vibadilishwe pamoja Desemba watu wakirudi nyumbani. Wote wakalipenda wazo hilo. Wakaweka vidole gumba na mikono ya kuomba. Mmoja, sitamtaja, akaandika kwamba mkwe ni mkwe, mambo ya boma yaachiwe watu wa boma. Niliitupa simu kitandani. Kwa maisha yangu yote sijawahi kuona hesabu sahihi ikishindwa vibaya kiasi kile.

Nilichoruhusiwa kufanya ni kukaza viungo. Shemeji aliniruhusu shingo upande, kwa sababu kukaza si kuondoa. Nilikata ncha zilizoungua, nikazisugua, nikazisokota upya, nikazifunga kwa utepe wa kweli, paketi za maziwa nikazitupa. Tukapata mia moja themanini na tisa. Mashine ikawa inakaa zaidi kabla ya kulia, lakini bado ililia, na mtungi bado uliteremshwa mlima.

Kila Jumamosi nilikwenda. Nilisimama dirishani pangu, natia sindano kwenye kichwa cha ekstensheni, na mama ananiuliza kutoka ndani, "Leo ni ngapi?"

"Mia moja themanini na tisa, mama."

"Na ile Jumamosi nyingine?"

"Mia moja themanini na nane."

"Basi tunapanda."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba moja si kitu. Tulizungumza hivyo, mimi nikitazama matofali, kwa urefu ambao hatukuwahi kuzungumza tangu nimwoe binti yake. Aliniuliza habari za mvua ya Tseikuru, za mbuzi wa mama yangu. Siku moja akaniomba nimweleze ile hesabu, nami nikamweleza bila namba. Nikasikia mpira wa pua ukipuliza.

"Kwa hivyo stima inatoka huko juu ikiwa nzima," akasema polepole, "inafika hapa imechoka kama mimi."

"Ndivyo, mama."

"Na inachokea kwa waya ya nani?"

"Waya ni mrefu tu, mama."

"Ni ya mzee wa kanisa," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo ya rangi ya chai. Niliiona siku ile nikajua ni nyembamba. Lakini alikuwa amefurahi sana." Alipopata pumzi akaongeza, "Usimwambie nimejua."

Sikumwambia. Mara nyingi nilitaka kumfokea, nimshike kola nimsimamishe chini ya ule waya. Lakini nilikuwa nimeombwa na mtu ambaye hata usoni simtazami.

Mvua zikaanza. Ukungu ukashuka milimani na kukaa, barabara ikawa utelezi, na boda nyingi zikakataa kupanda. Asubuhi moja mashine ilizima na haikuwaka tena, na mtungi ulikuwa umeisha. Pikapu ya jirani ilimbeba mama kwenye matope, wanaume wakiisukuma kwenye kona, mke wangu ndani akimpepea kwa kitambaa. Walimfikisha hospitali akiwa hai. Alikaa huko siku chache, akafa. Daktari alisema ni mapafu. Sibishani na daktari. Sikusema kwamba waya ndio uliomuua, na sisemi hivyo sasa. Ninachosema ni kwamba alikuwa akihitaji hewa, hewa ilihitaji volti, na volti zilikuwepo, juu kule barabarani.

Mikutano ya mazishi ilifanyika kila jioni uani kwa kifungua mimba. Watu walikuja, kikundi cha simu kiliamka, kila mtu akajitolea kitu. Asubuhi ya siku moja kabla ya mazishi nilifika nikakuta vijana wa kanisa wakiviringisha gurudumu la mbao kuteremka mlima. Kebo nyeusi, nene kama kidole gumba, ilikuwa inafunguka nyuma yao juu ya matuta, chini ya maparachichi, kando ya kaburi la mzee ambapo kaburi jipya lilikuwa linachimbwa. Shemeji mwenyewe alikuwa mbele, ameinamisha mgongo, koti ameliweka tawini. Komiti haikukaa. Hakuna aliyeiuliza. Kabla ya saa sita kebo ilikuwa imefika, spika zimesimamishwa uani kwa mama, na mtu anasema moja, mbili, moja, mbili, sauti ikigonga kilima cha pili na kurudi.

"Tunataka mama apate sauti nzuri," shemeji aliniambia, jasho likimtiririka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaondoka kabla sijamfokea.

Mashine ilitakiwa itolewe chumbani, kwa sababu jeneza lingelala humo usiku huo. Mke wangu akasema yeye hawezi. Shangazi zake wakanitazama, mmoja akasema, "Mwalimu, sasa unaweza kuingia." Basi niliingia chumba cha mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza.

Kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mpaka dirishani, kimegusa ukuta. Alama za miguu ya kitanda, pale kilipokuwa zamani, zilionekana sakafuni, upande wa pili kabisa. Mke wangu baadaye aliniambia mama ndiye aliyeomba kisogezwe, ili asipaze sauti tukizungumza. Kichwa cha ekstensheni kilikuwa bado juu ya kizingiti, upande wangu.

Vijana walikuwa wameiunga stima ya nyumba kwenye kebo mpya pamoja na spika. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Niliichomeka mashine, nikabonyeza swichi. Iliyokataa kuwaka asubuhi ya mvua ikawaka mara moja. Nikatoa mita mkobani, nikatia sindano kwenye tundu langu.

Nje kwaya ilikuwa inajaribu spika. Ndani mashine ilinguruma, taa yake ya kijani ikawaka, na mpira wa pua uliokuwa juu ya shuka ukaanza kupuliza. Nikasikia hatua mlangoni. Alikuwa shemeji. Amesikia ngurumo, akaja, akasimama pale na koti mkononi. Alitazama mashine, akatazama kitanda, akanitazama.

"Leo ni ngapi?" akauliza. Alikuwa amemsikia mama akiuliza hivyo Jumamosi zote zile.

"Mia mbili thelathini na tatu," nikamwambia. "Na spika zote zimewashwa."

Aliingia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda taratibu. Nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyoyalimbikiza tangu siku ya kijiti na vumbi. Alikuwa anaikazia macho ile taa ya kijani.

"Italia?" akauliza.

"Tusubiri tuone."

Tukasubiri, yeye kitandani, mimi nimesimama na mita mkononi, mpaka wimbo wa nje ukaisha na mwingine ukaanza. Haikulia.